Kutafuta Mama Mjinga

Mwalimu aliyetutungia mchezo alikuwa mtu wa Nyakunguru, na mimi ni wa Kerende. Ng'ombe wa Kerende wakikosa mchungaji makini, jioni utawakuta wanakula shamba la mtu wa Nyakunguru. Nalisema hili mapema kwa sababu mwenyewe alikuwa amelisahau. Alikwenda Tabora kusomea ualimu, akakaa huko miaka michache, akarudi na koti, miwani ambayo hakuihitaji, na ulimi mpya. Akishangaa alisema "Lahaula." Akikubali alisema "Inshallah," yeye aliyebatizwa kwenye kanisa lilelile la misheni tulilosali sisi. Na Kikurya hakukijua tena. Mtu akimsalimu kwa Kikurya barabarani, alisimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza ndege wa ajabu, kisha akasema kwa Kiswahili cha pwani kwamba bahati mbaya lugha hiyo imemtoka.

Imemtoka. Kama kamasi.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, shule ya kati ya misheni upande wa Tarime, na mimi nilikuwa darasa la sita. Wasichana tulikuwa wachache. Tulilala bweni moja lenye kuta za udongo, chini ya ulinzi wa Bibi wa misheni, Mzungu mrefu mwenye moyo mzuri na Kiswahili kibovu. Kuzungumza Kikurya kulikatazwa. Aliyekamatwa alivishwa shingoni kibao chenye kamba, akatembea nacho mpaka amkamate mwingine. Hata hivyo, kosa kubwa machoni pa Mwalimu halikuwa Kikurya chenyewe. Kosa kubwa lilikuwa kuzungumza Kiswahili kwa ulimi wa Kikurya. Lugha yetu haina ile sauti inayoanza neno "lala". Tukitaka kulala, tunarara. Tukila, tunakura. Mwalimu aliposikia hivyo alifunga macho kama mtu aliyeumwa jino, akatutaka turudie neno hadi lilainike, na darasa zima likicheka, hata wale ambao zamu yao ilikuwa inafuata.

Siku moja akatutangazia kwamba Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, angetembelea shule pamoja na mkewe, na kwamba yeye Mwalimu ametunga mchezo kwa ajili yao. Akatueleza kisa chake huku akitembea mbele ya ubao, mikono nyuma. Kuna mama mmoja wa kijijini, mjinga, anayemkataza mwanawe asiende shule kwa kuwa anataka achunge ndama. Huyo anaitwa Mama Mjinga. Kisha anatokea mwanamke aliyesoma, anayevaa viatu, anayeitwa Bibi Mwerevu. Bibi Mwerevu anahutubia. Mama Mjinga analia, anapiga magoti, anashika miguu ya Bibi Mwerevu na kuomba msamaha. Mwisho. Alitutazama kama anayengoja tumpigie makofi, na kwa kuwa tulimwogopa, tukapiga.

Majaribio ya kuchagua waigizaji yangefanyika Jumamosi ya wiki iliyofuata, mbele yake na Bibi wa misheni. Kila msichana aliyetaka nafasi ajifunze maneno.

Niliitaka nafasi ya Bibi Mwerevu, na niliitaka vibaya. Sikutaka kumhutubia mtu yeyote. Nilitaka kusimama mbele ya watu nikiwa msafi, nizungumze bila kuchekwa, basi. Kadhalika nilijua kwamba katika wasichana wote hakuna aliyesoma kwa sauti iliyotoka kama yangu. Mshindani wangu alikuwa binti wa karani wa baraza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza ndani ya blanketi, lakini alikuwa na viatu. Viatu vyeusi vya kamba, pekee bwenini. Alivivaa hata kwenda chooni.

Rafiki yangu, ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na changu, hakutaka nafasi yoyote, ila alikubali kunifundisha. Alikuwa msichana mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Tulipokwenda kuchota maji tulichelewa makusudi kule kijitoni. Alinitungia sentensi ya mazoezi: lori la leo limelala barabarani. Mara ya kwanza nilisema rori ra reo rimerara, na yeye akacheka mpaka akakaa chini majini na gauni lake. Akanishauri niweke punje ya hindi chini ya ulimi. Nikaiweka, nikaimeza. Akanipa nyingine. Nilisema lori la leo nikifua, nikisema nikipepeta ulezi, nikisema kanisani wakati wengine wanaimba. Ulimi uliniuma kama niliyelamba jiwe. Lakini ilipofika Ijumaa lori lilikuwa limelala vizuri kabisa, tena barabarani, na rafiki yangu akasema sasa nimekuwa Mswahili, nikatafute mume Tanga.

Jumamosi asubuhi tukaingia darasa kubwa. Mwalimu na Bibi wa misheni walikaa nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cha maua. Pembeni, juu ya dawati, Mwalimu alikuwa ameweka vifaa vya Mama Mjinga: shuka kuukuu, kibuyu kilichovunjika mdomo, na masikio. Ndiyo, masikio. Mama zetu wa wakati ule walitoboa masikio na kuyanyoosha mpaka ndewe zikaning'inia hadi karibu na bega, na ulikuwa ni urembo. Mwalimu alikuwa amesokota maganda ya mgomba, akayafunga kwenye uzi, ili Mama Mjinga ayaning'inize na Wazungu wafurahi. Nilipoyaona nilimfikiria mama yangu, nikatazama ukutani.

Alianza na Bibi Mwerevu. Binti wa karani alisimama, akayanong'oneza maneno yake kwa viatu vyake. Tuliokaa safu ya pili hatukusikia hata moja. Mwalimu akasema vizuri sana. Kisha nikaitwa mimi. Nilisema maneno yote bila kukwama, kila sauti mahali pake, na niliona Bibi wa misheni akitikisa kichwa kwa furaha. Nilipomaliza, rafiki yangu alipiga kofi moja, akalikatiza alipotazamwa.

"Kiswahili kimenyooka," Mwalimu akasema. "Sasa vaa masikio, utusomee Mama Mjinga."

Nilidhani sikusikia. Akanieleza, kwa subira, kwamba Bibi Mwerevu tayari amepatikana, maana anatakiwa mtu mwenye viatu. Mama Mjinga ndiye anayehitaji msichana hodari. Tena asemwe kwa lafudhi yake, akasema: asilale, arare, asile, akure. Wageni wasikie tofauti kati ya giza na nuru. Na hapo akafanya kitu ambacho hatukuwahi kumsikia akikifanya. Alituigizia. Alisema sentensi nzima ya Mama Mjinga kwa ulimi wa kwetu, ukiwa umejaa, umetulia, kama mtu anayevua koti linalombana. Aliisema vizuri kuliko yeyote mle ndani. Lugha iliyomtoka ilikuwa imekaa palepale, nyuma ya meno, inamsubiri. Sikujua kama nicheke au niteme mate. Mwaka mzima ametutoa machozi kwa sauti ileile, na sasa anaitafuta, imtumikie mbele ya Bwana Shauri.

Nilikuwa nimesimama na maganda ya mgomba mkononi, mara kibarazani pakasikika mtu akibisha hodi kwa sauti ya chini, kwa Kikurya.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, miguu imejaa vumbi hadi magotini, kitambaa cha kaniki begani, mabangili ya shaba mkononi. Ndewe za masikio yake zilikuwa ndefu, na moja ilikuwa imekatika zamani. Mgongoni alibeba kikapu, na mkononi kibuyu cha maziwa. Nilimjua mara moja. Mama yangu na yeye walikutana mtoni tangu kabla sijazaliwa, na mimi mwenyewe nimeshakula kwake. Alikuwa mama yake Mwalimu. Kutoka Nyakunguru mpaka pale ni mwendo wa kuanza na jogoo wa kwanza. Tangu arudi kutoka Tabora na kupangiwa shule yetu, mwanawe hakuwahi kukanyaga nyumbani.

Alimtazama mwanawe akatabasamu, akamwita mura, kama mama zetu wanavyomwita kijana wa kiume waliyemzaa, akamwuliza kama yu mzima.

Mwalimu hakuondoka kitini. Alivuta shingo ya koti. Bibi wa misheni alikuwa anatazama, binti wa karani anatazama, sote tunatazama, na nadhani lilimjia lile lililomjia kila siku barabarani, likamtoka kabla hajalifikiria. Akamgeukia Bibi wa misheni akasema huyu mama ni mtu wa kijijini kwao. Kisha akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango: "Mwulize amekuja na shida gani."

Nimeishi muda mrefu tangu siku ile. Nimewaona watu wakiwakana ndugu zao kwenye harusi, nimewaona wakipita kaburi la baba bila kusimama. Sijaona bado mtu akimtafutia mama yake mkalimani.

Nilimwamkia yule mama kwa heshima zote, nikamwuliza kama nilivyoagizwa. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama tena. Halikuwa jambo la kumchanganya; alielewa haraka kuliko sisi. Akanijibu kwa upole kwamba hana shida yoyote. Amekuja kumwona. Maziwa ni ya yule ng'ombe wake mwekundu, na kikapuni kuna kuku. Nikageuka nikayasema hayo kwa Kiswahili. Mwalimu akasema ahsante, aviweke pale kibarazani.

Mama hakuviweka. Alikuwa ameyaona maganda ya mgomba mkononi mwangu. Akaniuliza ni nini. Ningeweza kusema ni kamba. Sikusema. Nilimwambia ni masikio, ya mama mmoja wa kwenye mchezo, na aliponiuliza mama huyo anafanya nini nikamwambia: ni mjinga, anamkataza mwanawe asisome, mwishoni anapiga magoti. Akaniuliza nani aliyetunga. Nikamwonyesha kwa macho tu.

Waliojua Kikurya walikuwa wanasikia, na walikuwa karibu wote. Bibi wa misheni alikuwa anatabasamu kwa sababu hakujua la kufanya zaidi.

Yule mama alihamisha kibuyu mkono mwingine. "Mwambie hivi," akasema. "Siku ile baba yake alipomfuata na fimbo amrudishe machungani, aliyesimama mlangoni ni nani?"

Nikamgeukia Mwalimu na kumfikishia kwa Kiswahili safi, kila sauti mahali pake, sawasawa nilivyofanya mazoezi kijitoni. Nilisema polepole ili na Bibi wa misheni aelewe. Akaelewa. Tabasamu lilimwisha, akamtazama Mwalimu kwa ubavu, kisha akatazama maua ya kitambaa.

Mwalimu aliisafisha miwani. "Mwambie nina kazi," akasema. "Anisubiri nje."

Nilipofungua mdomo kutafsiri, mama akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili:

"Nimesikia. Kazi njema, mwarimu."

Binti wa karani peke yake ndiye aliyecheka. Mama alishuka kibarazani, akatembea hadi kwenye jiko la wasichana, akamkabidhi mpishi kibuyu na kuku, akamwambia ni vya watoto. Maji tu ndiyo aliyokunywa. Kupitia dirishani nilimwona akifunga vizuri kitambaa chake, akaishika njia aliyokuja nayo.

Mwalimu akasema tuendelee.

Tukaendelea! Ndivyo alivyokuwa. Mwenye haya angeahirisha, angesema kichwa kinauma. Yeye alifungua karatasi yake ukurasa wa pili na kuniambia nivae masikio nianze. Niliyaweka juu ya dawati. Nikasoma maneno ya Mama Mjinga bila masikio, kwa Kiswahili kilekile cha Bibi Mwerevu. Mwanangu halali njaa, ndama wake wanamlisha. Nilisoma hivyo, lori limelala kabisa. Akanikatiza, akanikumbusha lafudhi. Nikarudia vilevile. Akaniuliza kama mimi ni kiziwi au ni mkaidi. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kusema hivi, na sasa nimeshazoea, ile nyingine imenitoka.

Rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba uso wa Mwalimu ulikuwa kama wa mtu aliyekalia siafu na hawezi kuinuka kwa sababu ya wageni. Mimi sikuuona. Nilikuwa natazama dirishani.

Nikaambiwa nikakae. Jioni hiyohiyo kiranja akaja bwenini na kile kibao, akanivika, kwa kosa la kuzungumza Kikurya darasani. Nikamwuliza kama anajua ni nani aliyeniagiza nikizungumze. Akasema anajua, na ndiye huyohuyo aliyemtuma. Niliivaa ile takataka siku kadhaa na sikujisumbua kumkamata mtu. Maziwa yale, lakini, tuliyanywa. Yalikuwa yameganda vizuri, yana harufu ya moshi wa kibuyu, na wasichana walilamba vikombe. Hata binti wa karani alileta kikombe chake. Hakuna aliyemnyima, ila pia hakuna aliyemsogezea kiti.

Nafasi ya Mama Mjinga alipewa rafiki yangu. Alikuja kuniuliza kama aikubali. Nilimwambia aikubali, maana asiyeikubali angepigwa, na mtu mmoja mwenye kibao alitosha. Mimi nikapewa kazi ya kuvuta pazia, ambalo lilikuwa shuka mbili za bwenini zilizounganishwa kwa pini.

Siku ya mchezo Bwana Shauri alifika na gari lake, akiwa na mkewe aliyevaa kofia pana kama ungo. Walikaa kwenye viti. Wazazi walikaa chini, akina mama mbele, wengi wao wakiwa na masikio halisi. Rafiki yangu alitoka na yale ya maganda, na nilipovuta pazia nilisubiri kicheko. Wazungu walicheka, kwa adabu. Akina mama hawakucheka. Walimsikiliza. Alipouliza, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, mtoto akienda shule ndama watachungwa na nani, wawili watatu waliitikia kwamba hilo ni swali. Alipotoka Bibi Mwerevu na viatu vyake, akaanza kunong'ona hotuba bila kumwamkia mtu, mama mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa sauti ni binti wa nani huyu anayezungumza na mtu mzima bila salamu. Mwingine akamjibu ni wa karani. Wakaguna wote pamoja.

Mwalimu alikuwa nyuma ya shuka karibu yangu, jasho linamtoka, anasukuma maneno kwa kunong'ona kwa sababu binti wa karani alikuwa ameshayasahau. Ikafika mahali pa kupiga magoti. Rafiki yangu alimtazama Bibi Mwerevu kutoka viatuni hadi utosini. Alipiga goti moja tu, kama anayetaka kuokota kitu, akasimama. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikavuta pazia bila kungoja amri, pini moja ikakatika, shuka ikaanguka nusu, na Bwana Shauri akasimama kupiga makofi akidhani ndivyo ilivyopangwa.

Alimsifu sana Mwalimu. Alimshika mkono, akasema mbele yetu sote, kwa mkalimani, kwamba mtu mwenye kuielewa jamii yake hivi ni hazina. Mwalimu akainama na kusema Inshallah. Haukupita muda akahamishiwa shule kubwa zaidi, mbali, mahali ambapo pengine hapakuwa na mtu wa kumjua, akaenda na koti lake na miwani yake.

Jioni ile ya mchezo palichinjwa ng'ombe. Waigizaji walipewa nyama kwenye sinia, wavuta pazia na wabeba mabenchi tukapewa mchuzi. Rafiki yangu aliinuka kwenye sinia ya waigizaji na kipande cha ubavu mkononi, akaja kukaa chini na mimi, tukakigawana tukiwa tumeegemea ukuta wa jiko.